Nguvu ya Anayetazama

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina watoto wa rika lenu, na yote nitakayosimulia yalitokea kweli.

Mwishoni mwa mwaka 1982, huko Norwei, habari zilienea za wavulana watatu wa kaskazini mwa nchi, wenye umri wa kati ya miaka 10 na 14, waliojitoa uhai. Ilielekea kwamba wenzao shuleni walikuwa wamewaonea vikali. Nchi ilishtuka, na mwaka 1983 serikali ikaanzisha kampeni dhidi ya uonevu katika shule zake.

Katika mji wa Bergen alikuwepo mtaalamu wa saikolojia, Dan Olweus, ambaye alikuwa akichunguza jambo hili tangu miaka ya 1970. Alifuatilia wanafunzi wapatao 2,500 katika shule 42. Walimu wakaanza kuzunguka uwanjani wakati wa mapumziko. Kila darasa likajiwekea kanuni na kuzijadili, na mzazi wa aliyeonea akaitwa sawa na mzazi wa aliyeonewa. Haikupita miaka miwili, uonevu ukawa umepungua kwa karibu nusu.

Mtaniuliza: "Babu, sisi tunataniana kila siku. Nao ni uonevu?" La. Utani ni wa pande mbili: leo unanicheka, kesho nakucheka, na sote tunabaki na furaha. Olweus alitaja alama tatu za uonevu: hufanywa kwa makusudi, hurudiwa tena na tena, na anayefanyiwa hana nguvu ya kujitetea. Kumtoa mtu kwenye kundi la WhatsApp na kusambaza picha yake ili achekwe ni uonevu pia, hata kama hakuna kofi lililopigwa.

Sasa twendeni Toronto, Kanada. Watafiti waliweka kamera na vinasa sauti kwenye viwanja vya shule, wakaona jambo la ajabu. Katika visa vingi sana vya uonevu, wanafunzi wengine walikuwepo wakitazama. Waliojitokeza kuuzuia walionekana katika visa kama 19 tu kati ya 100. Lakini pale walipojitokeza, zaidi ya nusu ya mara hizo uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10! Mwonevu ni kama ngoma: bila wachezaji, mlio wake hauendi mbali.

Wanafunzi wawili wakubwa wa jimbo la Nova Scotia, hukohuko Kanada, walilithibitisha hilo mwaka 2007. Mvulana mgeni shuleni alitukanwa na kutishwa kwa sababu alivaa shati la waridi. Wale wawili hawakupigana na mtu. Walikwenda dukani wakanunua fulana 50 za waridi, wakawaarifu wenzao, na kesho yake mamia ya wanafunzi wakaja shule wamevaa rangi hiyo. Nani tena angemcheka yule mmoja?

Hata hivyo, tukiwakumbuka wale wavulana watatu wa Norwei, tusidanganyane. Mtu hafikii wazo la kujiua kwa sababu moja tu. Uonevu huweza kukutana na msiba, ugomvi wa nyumbani au ugonjwa wa sonona, mzigo ukamzidi. Kwa hiyo fungueni macho. Mcheshi aliyenyamaza ghafla, anayekwepa shule, anayegawa vitu anavyovipenda, au anayesema "bora nisingekuwepo," msimpuuze. Mketi naye, mwulizeni waziwazi: "Je, unafikiria kujiua?" Msiogope kwamba swali litampandikizia wazo hilo. Wataalamu wamelichunguza, wakaona halimpandikizii. Mara nyingi humpa nafasi ya kutua mzigo.

Akijibu ndiyo, msimwache peke yake, wala msikubali kuapa kwamba mtamtunzia siri. Siri ya namna hiyo haitunzwi. Mtafuteni mtu mzima siku hiyohiyo: mama, mjomba, mwalimu wa ushauri nasaha, muuguzi. Kenya, Tanzania na Uganda, namba 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bure.

Na wewe unayesikiliza huku umeinamisha kichwa kwa sababu hadithi hii ni yako, aibu si yako. Mawazo ya kujiua huja kwa nguvu, lakini hupungua mtu akipata msaada, na wengi waliowahi kuwa nayo wanaishi leo na kucheka. Waweza kuanza kwa sentensi moja tu: "Sijisikii salama, nisaidie." Uliyemwambia akikujibu "utazoea," mwambie wa pili. Naye asiposikia, mwambie wa tatu, mpaka umpate atakayeinuka kitini.