DVD Haisomi: Kosa ni la Diski, la Draivu au la Programu?

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani parokiani. Frateri akijulikana kwamba huko seminarini anahusika na chumba cha kompyuta, hapati siku ya kupumzika. Jumapili moja baada ya Misa ya pili mama mmoja wa kwaya alinisubiri nje ya sakristia akiwa na mfuko wa kitenge. Ndani mlikuwa na kompyuta mpakato ya kijana wake, na DVD mbili kwenye bahasha ya kaki. Zilirekodiwa mwaka 2009, siku ya jubilei ya kigango chetu. Marehemu mume wake ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwaya siku ile, na sauti yake haijabaki mahali pengine popote. Mwenye duka la video aliyerekodi alishahama zamani. Fundi wa mjini alikuwa amemwambia draivu imekufa, atafute kompyuta nyingine. Kijana wake naye alisema draivu ni nzima, maana CD za nyimbo zinacheza, ila DVD zenyewe ndizo zimeoza.

"Frateri, kama haiwezekani niambie tu," alisema. "Ila usizikwaruze."

Naeleza hapa tulivyohangaika nazo kwa sababu najua si yeye peke yake. Kabati za parokia na za nyumba zetu zimejaa DVD za upadirisho, za ndoa, za Kipaimara na za mazishi, na kompyuta zenye uwezo wa kuzisoma zinazidi kupungua. Nyingi zinazouzwa sasa hazina draivu kabisa.

Mtu anaposema "DVD haisomi" bado hajasema kosa liko wapi. Kuna watuhumiwa watatu: diski, draivu inayoisoma, na programu inayoonyesha picha. Kabla ya kumlaumu yeyote, fungua dirisha la This PC uangalie kompyuta inaona nini. Pengine alama ya draivu haipo kabisa. Pengine ipo, lakini ukiibofya unaambiwa uingize diski wakati diski imo ndani. Pengine mafaili yanaonekana, folda ya VIDEO_TS ipo, lakini hakuna kinachocheza. Au inacheza na kukwamakwama. Hayo ni magonjwa manne tofauti, na dawa ya moja haitibu lingine.

La kwanza nilipitie haraka, maana halikuwa la mama huyu, ingawa limewahi kutukuta hapa seminarini. Draivu isipoonekana, washa kompyuta upya na uingie kwenye BIOS, yaani ule ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla Windows haijaanza. Kama hata huko haimo, tatizo ni la chuma: kwenye mpakato nyingi draivu imeshikwa na skrubu moja tu chini ya kompyuta, nayo huchomoka kidogo kwa mitikisiko ya safari. Zima umeme, toa betri kama inatoka, legeza skrubu, ichomoe na uirudishe mpaka ikae. Kama BIOS inaiona lakini Windows haiioni, nenda Device Manager, futa draivu kwenye orodha kisha uwashe kompyuta upya. Windows itaipanga tena yenyewe. Ikirudi na alama ya njano na kosa namba 19 au 39, mara nyingi ni mabaki ya programu ya kuchomea CD iliyowahi kuwekwa na kuondolewa vibaya. Mabaki hayo huitwa UpperFilters na LowerFilters, na hukaa kwenye rejista ya Windows, katika kundi lenye namba inayoanza na 4D36E965. Hakikisha hiyo 5 ya mwisho. Kundi linaloishia na 7 ni la diski kuu, na ukifuta kitu huko kompyuta inaweza isiwake tena. Weka nakala ya rejista kwanza, au mwachie anayejua.

Turudi kwa mama. Kompyuta yake iliiona draivu. Diski ilizunguka, ikanguruma kidogo, ikatulia, kisha likaja lile neno la kuingiza diski. CD ya nyimbo ikacheza bila shida, kama kijana alivyosema.

Hapo ndipo wengi wanapopotea. CD na DVD zinafanana kwa macho, lakini CD husomwa kwa leza ya nanomita 780 na DVD kwa leza ya nanomita 650. Kwa hiyo ndani ya draivu moja kuna leza za aina mbili, na moja inaweza kuchoka wakati nyingine bado ina nguvu. Tena mistari ya DVD imesongamana zaidi ya mara mbili kuliko ya CD, hivyo vumbi dogo ambalo CD hailijali linaweza kuizuia DVD kabisa. CD ikicheza umejua tu kwamba mota inazunguka na waya umeunganishwa. Kuhusu DVD hujajua lolote.

Kipimo sahihi ni DVD nyingine ambayo una hakika ni nzima, na ikiwezekana iwe ya kiwandani. Nilimwomba Baba Paroko filamu moja aliyokuwa nayo. Draivu iliisoma mara moja, mafaili yote yakaonekana. Nikaibofya, Windows Media Player ikakataa kucheza. Nadhani fundi naye aliishia hapo: aliweka DVD, ikakataliwa, akatoa hukumu. Lakini draivu iliyotoa orodha ya mafaili haijafa. Kilichokosekana ni programu ya kufumbua picha. Picha za DVD zimebanwa kwa mtindo uitwao MPEG-2, ambao ulilipiwa leseni kwa kila kompyuta, na kuanzia Windows 8 ya mwaka 2012 Microsoft iliuondoa uwezo huo kwenye Windows ya kawaida. Kompyuta iliyocheza DVD vizuri ikiwa na Windows 7 inaweza kuacha siku ile ile ilipowekewa Windows 10, na mwenyewe akadhani fundi ameiharibu.

Dawa yake ni ya bure. VLC ilianzia kwa wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris, nayo ina vifumbuzi vyake yenyewe. Ipakue kwenye tovuti yao, videolan.org, maana kuna tovuti nyingi zinazoitoa ikiwa imechanganywa na takataka. Kama bando ni tatizo, mtu mmoja aipakue na wengine wainakili kwa flashi. Ukishaiweka, usibofye diski moja kwa moja. Ifungue VLC kwanza kisha uchague kufungua diski. Kuna kisanduku cha kuruka menyu, kiwekee alama: menyu ikiwa imeharibika, VLC itaiacha na kwenda kwenye picha zenyewe. Filamu ya Baba Paroko ikacheza.

Nitoke njiani kidogo kwa wale wenye DVD walizozawadiwa na wamisionari. Filamu za kiwandani hupewa namba ya kanda: Marekani ni 1, Ulaya ya Magharibi ni 2, Tanzania na Kenya ni 5. Draivu ikikuuliza kama ubadilishe kanda, fikiri kabla ya kukubali. Inaruhusu mara 5 tu, kisha inajifunga kwenye ile ya mwisho. Mara nyingi VLC hucheza bila kubadilisha kitu.

Basi kosa la programu lilikuwa limetibiwa, lakini diski za mama bado zilikataliwa. Ndiyo kusema makosa yalikuwa mawili, moja limejificha nyuma ya jingine. Fundi aligusa moja, kijana akagusa jingine, na kila mmoja alikuwa na ushahidi wake.

Kwa nini diski ya kiwandani isomwe na ya kuchomwa isisomwe? Ya kiwandani ina vishimo vilivyopigwa kwa muhuri. Ya kuchomwa ina rangi ambayo leza iliiunguza kwa madoa madogo, na rangi hiyo huchuja kwa jua, joto na miaka. Tofauti kati ya doa na pasipo doa inapopungua, leza iliyochoka au lenzi yenye vumbi haiwezi tena kuitambua. Diski za 2009 zilizokaa juu ya kabati chini ya bati zilikuwa zimeishi maisha magumu.

Nilianza na diski. Kitambaa laini, maji safi kidogo, na kufuta kutoka katikati kwenda ukingoni, si kwa kuzunguka. Mkwaruzo unaofuata mzunguko hufunika data nyingi mfululizo, wakati ule unaoukata mstari huweza kufidiwa na mfumo wa kusahihisha makosa uliomo kwenye diski. Mtaani watu hupaka dawa ya meno. Sikuthubutu. Diski ikiwa ndiyo nakala pekee, hayo ni ya mwisho kabisa, baada ya njia zote kushindwa.

Kisha lenzi. Kwenye mpakato kazi hii ni rahisi kuliko kwenye kompyuta ya mezani, maana trei ikitoka inatoka na lenzi yake. Utaiona kama shanga ndogo ya kioo. Zima kompyuta kwanza. Trei ikigoma, ingiza ncha ya kibanio cha karatasi kilichonyooshwa kwenye kitundu kilicho usoni mwake. Nilitumia kijiti cha pamba kilicholowa kidogo alkoholi ya isopropili, nikagusa lenzi bila kuikandamiza, kwa sababu imening'inizwa kwenye vijiwaya vyembamba sana. Asetoni ya kufutia rangi ya kucha usiisogeze karibu, inayeyusha plastiki. Nikasubiri ikauke.

Diski ya kwanza ikasomeka. Ya pili ilionyesha mafaili, lakini picha zilikwama katikati.

Picha zikikwama kuna kipimo kimoja ambacho nakipenda kuliko vyote: nakili folda ya VIDEO_TS kwenye diski kuu ya kompyuta, kisha cheza nakala. Ikienda vizuri, kosa lilikuwa kasi ya draivu. Ikinakilika yote bila malalamiko lakini ikakwama, tafuta kwenye programu au kwenye rekodi yenyewe. Na kunakili kukisimama njiani, kuna sehemu ya diski isiyosomeka. Diski ya kwanza ilinakilika yote. Ya pili ilisimama kwenye faili la tatu.

Hapo nilimwomba mama aniachie diski, nikarudi nayo seminarini. Tulikuwa na draivu ya nje ya USB. Mwanzoni ilikuwa ikiwaka na kuzima, mpaka tulipochomeka vichwa vyote viwili vya waya wake, kwa kuwa tundu moja la USB halikuipa umeme wa kutosha. Tulitumia ddrescue, programu ya bure ya Linux. Haing'ang'anii mahali pabovu kama Windows inavyofanya. Inachukua kwanza yote yaliyo mazima, inaandika daftari la sehemu ilizokosa, kisha inazirudia moja moja. Kwa daftari hilo unaweza kuanza kwenye draivu moja, ukaendelea kwenye nyingine. Draivu mbili hazikosi mahali pale pale, na ilichokikosa ya nje kwa sehemu kubwa ilikipata ya mpakato yetu ya zamani. Usiku wa pili zilibaki sehemu chache tu. Kwenye wimbo wa matoleo picha huganda kidogo, kisha inaendelea.

Kuhamishia kwenye flashi nako kulikuwa na kikwazo chake. Nakala ya DVD nzima ikiwa faili moja hufika hadi GB 4.7, na flashi yenye mpangilio wa FAT32 haipokei faili linalofika GB 4. Ama uipange flashi kwa exFAT, ama uweke folda ya VIDEO_TS kama ilivyo, kwa sababu mafaili yake hukatwa yasizidi GB 1. Tuliweka folda. Flashi moja alichukua mama, nyingine iko ofisi ya parokia, na nakala ya tatu iko kwenye diski ya nje hapa kwetu.

DVD zenyewe nilimrudishia kwenye bahasha yake nikamwomba asizitupe. Daftari la ddrescue tumelihifadhi pamoja na nakala, na siku tukipata draivu nyingine nzuri zaidi tutaijaribu kwenye zile sehemu zilizobaki.