Wakala au Kapita?

Tangu mwaka 1982 umeme wa Inga umekuwa ukifikishwa Kolwezi kwa njia yenye urefu wa kilomita 1,700 hivi. Palipo na umbali wa namna hiyo, fundi hawezi kukiendea kila kifaa; huhitaji kompyuta ya kati, ipokeayo amri zake na kuzipeleka vifaani kwa SSH, itifaki iliyobuniwa na Tatu Ylönen nchini Finland mwaka 1995. Tuiiteje kompyuta hiyo?

Kiswahili cha Kolwezi kina neno kapita, lenye asili ya Kireno: msimamizi apokeaye agizo la mkubwa na kuligawa kwa wafanyakazi. Sura inafanana. Hata hivyo twapendelea wakala, kwani mamlaka yake ni ya kupewa, nayo yana mipaka.

Mipaka hiyo si ya maneno tu. Wakala huundiwa jozi ya funguo: ufunguo wa hadhara huwekwa katika kila kifaa, wa siri hubaki kwake. Auibaye huo wa siri aweza kuvitawala vifaa vyote. Ndiyo maana ufunguo wa wakala hufungiwa amri chache zilizotajwa. Mafundi nao huingia kwa wakala, kila mmoja kwa ufunguo wake. Fundi akiacha kazi, ufunguo wake hufutwa hapo kwa wakala, wala vifaa haviguswi.