Silinda ya Revolva Inapogoma Kufunguka

Katika revolva nyingi za Smith & Wesson ambazo silinda yake, yaani pipa dogo la vyumba vya risasi, hufunguka kwa upande wa kushoto, kijiti cha kutolea maganda kilicho chini ya mtutu hushikwa kwa mbele na komeo dogo lenye springi, na mtumiaji anaposukuma kitufe kwa dole gumba, pini nyembamba inayopita ndani ya kijiti hicho hulisukuma komeo hadi likaachia. Kijiti kimeunganishwa kwa hesi na nyota ya kutolea maganda iliyo nyuma ya silinda. Hesi hiyo ikilegea, kijiti hurefuka, ncha yake huitangulia ile ya pini, na komeo hubaki limeshika. Hiki ndicho chanzo cha kuchunguzwa kwanza, hasa katika bastola za zamani, kwa kuwa hesi zake zilikazwa kuelekea kulia ilhali silinda huzunguka kinyume cha saa, hivyo mzunguko wenyewe uliweza kuzilegeza. Karibu na mwaka 1960 kiwanda kiligeuza hesi kuwa ya kushoto.

Silinda ikishafunguliwa, fundi hukaza kijiti baada ya kuweka maganda matupu vyumbani, ili nyota ya kutolea maganda isipindwe. Kijiti kilichopinda ni tatizo jingine, na uchafu wa baruti chini ya nyota huibana silinda pia. Kuipiga kwa nyundo ni ujinga, tena wa hatari: bastola isiyofunguka haiwezi kuthibitishwa kuwa tupu, kwa hiyo mtutu huelekezwa mahali salama muda wote.