Chumvi ya Jikoni: Mnunuzi Achague Ipi?

Chumvi ni kitu kidogo katika mahitaji ya nyumbani, na kwa sababu hiyo wengi huinunua bila kufikiri. Mtu aendapo dukani mwisho wa mwezi hutazama sana bei ya unga na sukari, lakini chumvi huitaja kwa jina tu, akachukua yoyote apewayo. Hata hivyo, ni vichache jikoni vinavyoliwa kila siku na wote, mkubwa kwa mdogo. Chumvi ikichaguliwa vibaya, hasara yake huwapata wote wanaokula chungu kimoja.

Chumvi nyingi ya Kenya hutoka pwani, kaskazini ya Malindi, katika sehemu za Gongoni na Marereni. Huko maji ya bahari huingizwa katika madimbwi mapana, yakahamishwa kutoka dimbwi hata dimbwi, huku jua na upepo vikiyapunguza. Yakizidi ukali, chumvi huganda chini, nayo hukusanywa, huoshwa na kusagwa. Wako wanaodhani kwamba chumvi hiyo, maadamu imetoka baharini, ina kila kitu kiutakiwacho na mwili. Sivyo. Iodini hubaki humo kwa kiasi kidogo mno, hata hapana budi kutiwa kiwandani.

Mtu mzima huhitaji iodini kidogo sana kwa siku, sehemu 150 tu za milioni moja za gramu. Lakini akiikosa, tezi ya shingoni huvimba, na uvimbe huo ndio uitwao rovu. Katika nchi za milimani mvua za miaka mingi zimeiosha iodini kutoka udongoni, kwa hiyo mahindi na mboga za huko huwa nayo haba. Tena rovu si dhara lililo kubwa kuliko yote. Mama mjamzito akipungukiwa sana na iodini, mtoto aweza kuzaliwa kiziwi au mwenye upungufu wa akili, na ubongo ulioharibika hivyo haurudishwi kwa dawa yoyote baadaye.

Uswisi ilianza kutumia chumvi yenye iodini mwaka 1922, na jimbo la Michigan huko Marekani likafuata mwaka 1924. Hapa Kenya, sheria ya mwaka 1978 iliamuru chumvi ya kula itiwe iodini.

Basi mnunuzi atazame nini? Kwanza, achague pakiti iliyofungwa vizuri, yenye maandishi ya kuonyesha kwamba imetiwa iodini, na yenye chapa ya ubora ya Serikali. Pili, aipapase. Ikiwa imeshikamana na kuwa bonge, unyevu umekwisha kuingia, na huenda iodini imepungua. Tatu, aiepuke chumvi ipimwayo kwa mkebe kutoka gunia lililo wazi juani, na ile ya kulambwa na ng'ombe asiitie chunguni kamwe. Ukubwa wa chembe si neno: ya mawe na ya laini ni sawa, mradi zote zina iodini. Wala bei kubwa si dhamana. Chumvi ya rangi ya waridi itokayo Pakistani huuzwa ghali mijini, lakini mara nyingi haikutiwa iodini.

Magadi yasihesabiwe kuwa chumvi. Hulainisha maharagwe na mahindi makavu, lakini hayashiki mahali pa chumvi yenye iodini, na baadhi yake yana floridi nyingi, ambayo hutia meno ya watoto madoa ya kahawia.

Ikifika nyumbani, chumvi itiwe katika chombo kikavu chenye kifuniko, iwekwe mbali na moshi na mvuke wa meko, ichotwe kwa kijiko kikavu. Ni vema kuitia chunguni chakula kikaribiapo kuiva, kwa sababu moto wa muda mrefu huipunguza iodini.

Kiasi nacho kina mpaka. Waswahili humsifu mzee kwa kusema amekula chumvi nyingi, lakini sifa hiyo ni ya miaka, si ya kijiko. Chumvi ikizidi huongeza shinikizo la damu, na Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Kwa hesabu hiyo, watu wazima wanne hawapaswi kumaliza pakiti ya nusu kilo kabla ya siku 25. Tena yafaa idumu zaidi, kwa kuwa mkate na vyakula vya makopo navyo vina chumvi.

Wahenga walisema, rahisi huvunja upishi. Tofauti ya bei kati ya chumvi ya guniani na ile ya pakiti ni senti chache, lakini mama wa milimani azitoapo senti hizo huwa amenunua pia akili ya mtoto ambaye hajazaliwa.