Dereva Aliyenukia Pombe: Ushahidi wa Ulevi na Haki ya Aliyeuawa

 

Ndugu msomaji, chukulia kuwa gari limemgonga mpita njia akafa. Watu wawili waliofika mwanzo walisikia harufu ya pombe kinywani mwa dereva, lakini hakuna aliyemwona akinywa. Dereva ni jirani yao, na huswali nao Ijumaa. Wanakwenda kwa imamu kuuliza: Je, tuseme tulilolijua au tumsitiri ndugu yetu? Na ulevi usipothibitika, jamaa wa marehemu watapata nini?

Jibu linataka tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya: haki ya Allah na haki ya mja.

Ulevi huthibitika vipi?

Adhabu ya haddi ya kunywa pombe huthibiti kwa mnywaji kukiri mwenyewe, au kwa ushahidi wa watu wawili waadilifu. Wanavyuoni wamekhitilafiana juu ya dalili za nje, kama vile harufu na matapishi.

Imam Muslim amepokea kisa cha Walid bin Uqba, gavana wa Kufa katika ukhalifa wa Uthman (R.A.). Shahidi mmoja alisema alimwona akinywa, wa pili alisema alimwona akitapika pombe. Uthman akaona kuwa mtu hatapiki pombe ila ameinywa, na haddi ikasimamishwa: Abdullah bin Jaafar akimpiga, Ali (R.A.) akihesabu mpaka 40. Vilevile imepokewa katika Bukhari na Muslim kuwa Ibn Masud (R.A.), alipokuwa Homs, alimsimamishia haddi mtu aliyepinga kisomo chake cha Suratu Yusuf huku ananukia pombe.

Kwa mapokezi kama haya, Imam Malik ameona kuwa harufu iliyothibitishwa na waadilifu wawili inatosha. Imam Shafii na Imam Abu Hanifa wamesema haitoshi peke yake, kwa kuwa mtu huweza kulazimishwa kunywa, kukosea chombo, au kusukutua akatema. Hiyo ni shubha, na haddi huepushwa kwa shubha.

Dalili inayopotea

Mafaqihi walitambua zamani kuwa dalili ya ulevi haikai. Kwa Abu Hanifa, mashahidi wa unywaji hukubaliwa harufu ikiwa bado ipo. Lakini kama mtuhumiwa alikamatwa ananukia, na harufu ikatoka njiani kwa umbali wa safari ya kumfikisha kwa hakimu, ushahidi wao haubatiliki.

Mahakama za zama hizi zimekutana na jambo hilo hilo katika damu. Mwaka 1964, mjini Los Angeles, gari liligonga mti na dereva akajeruhiwa. Polisi alisikia harufu ya pombe, na hospitalini akaamuru damu yake ipimwe ingawa dereva alikataa. Mwaka 1966 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Schmerber dhidi ya California, ilikubali kipimo hicho kwa kura 5 dhidi ya 4. Mojawapo ya hoja zake ni kuwa kileo hupungua mwilini baada ya mtu kuacha kunywa, na kuchelewa kungepoteza ushahidi.

Hesabu yake ni nyepesi. Kwa kawaida mwili huondoa takriban miligramu 10 hadi 20 za kileo kwa kila mililita 100 za damu katika saa moja. Uingereza iliweka kikomo cha miligramu 80 kwa sheria ya mwaka 1967. Basi dereva mwenye miligramu 100 akijificha saa tatu, huenda akapimwa akaonekana yuko chini ya kikomo hicho. Anayemficha dereva usiku kucha amesaidia kufuta ushahidi.

Tena, kipimo cha damu hakielezi kileo kiliingiaje mwilini, na kwa haddi shubha hiyo ni nzito. Lakini hakimu wa kesi ya barabarani anauliza swali jingine: je, mtu huyu alifaa kushika usukani?

Haki ya marehemu haingoji ulevi

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Katika Suratun Nisaa, aya ya 92, aliyeua Muumini kwa kukosea amewajibishwa diya kwa jamaa, ila wakisamehe, pamoja na kafara: kuacha huru mtumwa Muumini, na asiyepata afunge miezi miwili mfululizo. Aya haikushurutisha ulevi.

Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la Kimataifa, katika kikao chake cha 8 kilichofanyika Brunei mwaka 1993, liliamua kuwa dereva anabeba dhamana ya madhara anayoyasababisha, isipokuwa katika hali maalumu, kama vile nguvu asiyoweza kuizuia au kosa la aliyegongwa mwenyewe. Basi haddi ikianguka kwa shubha, diya haianguki pamoja nayo. Na jamaa wakisamehe diya, kafara inabaki baina ya dereva na Mola wake.

Kusitiri au kushuhudia?

Kumsitiri Muislamu kumesifiwa katika dhambi iliyo baina yake na Mola wake. Ama pale damu ya mtu imemwagika, Suratul Baqara, aya ya 283, imekataza kuficha ushahidi, na Suratun Nisaa, aya ya 135, imeamrisha uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa.

Kwa hiyo imamu awaambie watu wale wawili waende polisi na mahakamani. Kenya na Zanzibar, kwa mfano, kesi hizi za jinai si za kadhi. Waseme walichokisikia tu: "Nilisikia harufu ya pombe." Wasiseme "alikuwa amelewa" ikiwa hawakuona dalili za ulevi. Wakiongeza wamemdhulumu dereva, na wakipunguza wamemdhulumu maiti asiyeweza kujisemea. Na dereva akija kwa imamu faraghani, asihimizwe kujificha, bali atubie, awakabili jamaa wa marehemu, na aanze kuhesabu siku zake 60 za funga.

Wallahu aalam.