Turejeshe sindano na uzi madarasani

Ukitaka kujua jinsi taifa linavyoweza kukiharamisha kitu bila ya kujiandaa kwa kitakachoshika nafasi yake, watazame watu wanavyobeba unga na sukari kutoka dukani. Tarehe 28 Agosti 2017 marufuku ya mifuko ya plastiki ilianza kutekelezwa nchini Kenya, nayo ilikuja na makali yasiyozoeleka: faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, au kifungo cha kati ya mwaka 1 na miaka 4 gerezani. Majaribio ya mwaka 2007 na 2011 yalikuwa yamepita kama upepo. Hili la tatu lilishika. Mitaro ilipumua, na michongoma ya kando ya barabara ikavuliwa yale matambara ya nailoni yaliyokuwa yakipepea juu yake kama bendera za nchi isiyojulikana.

Je, ni nini kilichoingia mahali pake? Aghalabu ni mifuko ya rangi za kupendeza, myepesi, yenye mishikio miwili, ambayo ukiipapasa utaapa kuwa ni nguo. Hasha! Ni nyuzi za polipropilini zilizogandamanishwa kwa joto, yaani ni plastiki ile ile iliyovikwa kanzu. Mwaka 2019 mamlaka ya mazingira, NEMA, ilitangaza kuipiga marufuku mifuko hiyo nayo, kwa kuwa mingi ilikuwa hafifu na ilichanika baada ya kutumiwa mara chache. Mwalimu wa sayansi anayetaka kulithibitisha jambo hili mbele ya wanafunzi wake hahitaji maabara. Na akishike kwa koleo kipande kidogo cha mfuko huo, aweke bakuli la maji karibu, akiwashe. Kitajikunyata, kitayeyuka, na kitaacha kitone kigumu. Kisha akiwashe kipande cha leso ya pamba. Kitaungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini lipeperukalo kwa pumzi.

Hoja yangu leo ni kwamba mkoba wa kubebea vitabu au bidhaa za sokoni ni kitu ambacho mtoto wa shule ya msingi anaweza kujishonea kwa mkono wake, na kwamba tulipoiondoa sindano darasani tulimnyima mengi zaidi ya mkoba.

Wakati wa likizo moja ya Agosti, mimi na walimu wenzangu wawili, mmoja wa hisabati na mwingine wa Kiswahili, tulishika njia hadi Biashara Street mjini Mombasa kutafuta vitambaa. Asiyeufahamu mtaa huo na aelewe kwamba ni mwendo mfupi tu kutoka Marikiti, ukiiacha Digo Road, na kwamba ndio moyo wa biashara ya leso pwani ya Kenya. Leso zimetundikwa milangoni toka juu hadi chini, na vibarazani wameketi mafundi wa cherehani wakingoja wanunuzi, kwani leso huuzwa kwa doti, mbili zikiwa zimeungana, na sharti zikatwe na kupindwa kabla ya kuvaliwa. Huko ndiko liliko duka la ukoo wa Kaderdina Hajee Essak, ambalo alama yake ya “Mali ya Abdulla” imekuwa ikichapishwa pembeni mwa leso kwa vizazi kadhaa. Biashara hiyo ilianza mwaka 1887.

Tuliingia duka baada ya duka. Hii ndiyo raha ya kwenda kununua kitambaa na wenzako: mmoja huona rangi, mwingine huona bei, na wa tatu huikunja pembe ya nguo, akaifikicha kwa vidole na kuinusa ili ajue kama ni pamba tupu au imechanganywa. Mwenye duka mmoja, mzee aliyekizungumza Kiswahili cha Mvita kuliko sisi sote, alipotusikia tukipanga kukata alishtuka.

“Walimu wangu, leso yataka kuvaliwa, si kukatwa,” alisema.

“Nasi tutaivalisha unga, mzee wangu,” mwalimu wa hisabati akamjibu.

Mzee akacheka, lakini hakukubali kutuachia bila ya sharti. “Haya. Ila jina lake musilikate.”

Alikuwa na haki. Leso, kama tunavyowafundisha wanafunzi, ina sehemu tatu: pindo linaloizunguka, mji ulio katikati, na jina, yale maneno yaliyoandikwa upande wa chini wa mji. Ukiipitisha mikasi ovyo katika leso iliyoandikwa “Mgeni njoo, mwenyeji apone”, utapata mkoba mmoja unaomwita mgeni na mwingine unaomwombea mwenyeji afueni kama aliyelazwa hospitalini. Mwalimu wa Kiswahili hakutaka hata kulisikia jambo hilo. Tukachagua leso yenye jina fupi, “Akiba haiozi”, ambalo liliweza kutoshea upande mmoja wa mkoba.

Wapo watakaosema kwamba kukata nguo vipande na kuviunga upya ni uzushi wa wageni wenye wakati wa kupoteza. Wanaosema hivyo hawaijui leso. Neno lenyewe tulilitwaa kutoka kwa Wareno, ambao kwao lilimaanisha kitambaa kidogo cha mkononi au cha kichwani. Katika karne ya 19 wanawake wa mwambao walivinunua vitambaa hivyo vikiwa havijakatwa, wakavishona sita pamoja, vitatu juu na vitatu chini, wakapata vazi moja pana. Wafanyabiashara walipoona jinsi vazi hilo lilivyopendwa ndipo wakaagiza nguo iliyochapishwa ikiwa nzima. Kwa maneno mengine, leso ni mtoto wa sindano, na baba yake ni kiraka. Vivyo hivyo kapu la ukindu: msusi husuka kwanza ukili mrefu, kisha huushona mzunguko kwa mzunguko hadi kapu likasimama. Na kiondo cha Ukambani na cha Wakikuyu, ambacho mkonge wake husokotwa juu ya paja, kilikuwa kikibeba mahindi na maharagwe miaka mingi kabla ya nailoni kuzaliwa.

Ng’ambo ya bahari hii hii, katika jimbo la Karnataka nchini India, wako Wasiddi, wazao wa Waafrika waliopelekwa bara lile katika karne za biashara ya utumwa, wengi wao kupitia Goa iliyokuwa mikononi mwa Wareno. Wanawake wao hushona mifarishi ya viraka waiitayo “kawandi”. Hawatupi nguo kuukuu. Huchukua sari iliyochakaa ikawa msingi, wakaanza kushona viraka kutoka kwenye kona, wakizunguka ukingoni na kuingia ndani kidogo kidogo mpaka wakutane na katikati. Katika pembe nne huongeza vipande vilivyokunjwa kwa umbo la pembetatu, ambavyo huviita “phula”, yaani maua, na mfarishi usio na maua hayo huhesabiwa kuwa uko uchi. Mwalimu wa historia anayefundisha habari za utumwa katika Bahari ya Hindi angefanya vyema kuutaja mfarishi huu, maana wanafunzi wetu huambiwa idadi ya waliochukuliwa lakini ni nadra kuambiwa wazao wao wanafanya nini leo.

Narudi kwenye mikasi. Kwanza tuliipima leso, kwani si zote zilizo sawa. Yetu, moja kati ya zile mbili za doti, ilikuwa na urefu wa sentimita 150 na upana wa sentimita 110. Mwalimu wa hisabati alichukua chaki na kupiga mistari: vipande 8 vya sentimita 37 kwa 45, vinne kwa kila safu, safu mbili. Vikala sentimita 148 kwa 90. Ukabaki ukanda wa sentimita 20 kwa urefu wote wa leso. Akaupasua katikati kwa urefu, kisha kila nusu akaikata mara mbili, tukawa na mishikio minne ya sentimita 75. Vipande vinne ni vya nje, vinne ni bitana, mishikio ni minne: mikoba miwili kamili, na kilichotupwa ni utepe mwembamba usiofika hata upana wa kidole. Hebu niambie, msomaji, ni swali gani la eneo na vipimo katika kitabu cha darasa la sita linalomlazimisha mtoto kufikiri hivyo, na ambalo jibu lake akilikosea litaonekana kwa macho yake mwenyewe nguo isipotosha?

Kushona nako si miujiza. Hupigwa bandi kwanza, mishono mirefu ya kuvishikiza vipande visiteleze. Kisha hufuata mshono wenyewe, mdogo, wa kurudi nyuma hatua moja kwa kila hatua mbili za mbele, kwa maana mshono wa kwenda mbele tu hufumuka ukikatika uzi mahali pamoja. Ganda la nje hushonwa peke yake na bitana peke yake. Huwekwa uso kwa uso, mishikio ikiwa katikati, na kuungwa mdomoni. Huachwa tundu dogo chini ya bitana, la kupitisha mkono. Halafu hufika wakati ambao hakuna mtoto asiyeufurahia: unaingiza mkono, unavuta, na tambara lililokuwa ndani nje linageuka likawa mkoba. Mahali mishikio inapounganika na mdomo ndipo palipo na uzito wote, hivyo hapo hushonwa umbo la mraba na kupigwa msalaba ndani yake. Mkoba wangu ulinichukua saa 6. Wenzangu walinicheka, wao walimaliza kwa saa 5.

Nawasikia wazazi wakiuliza kama hata wavulana watashona. Na kwa nini wasishone? Mafundi wa Biashara Street wengi ni wanaume. Mtepe, ile merikebu ya visiwa vya Lamu, haukupigiliwa misumari. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na walioushona ni wanaume waliokwenda nao baharini. Mvulana aibu ya sindano hakuirithi kwa babu zake. Ameifundishwa juzi.

Ni nani basi aliyeitoa sindano shuleni? Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, ulikuja na ahadi ya kazi za mikono. Sanaa, muziki na sayansikimu zilikuwa katika mtihani wa KCPE, na wengi waliosoma miaka hiyo wanakumbuka vitambaa vya meza na mikeka midogo iliyopelekwa shuleni siku ya kusahihishwa. Mtihani ulipopunguziwa masomo mwanzoni mwa miaka ya 2000, hakuna aliyeandika waraka wa kuiharamisha sindano. Haikuhitajika. Lisilotahiniwa halikufundishwa, na saa ya sanaa ikamezwa na hesabu za marudio. KCPE yenyewe ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023.

Mtaala wa Umilisi, ambao ulianza kutumika katika madarasa ya chini nchini kote mwaka 2019, umeirejesha kazi ya mikono katika vitabu. La kusikitisha ni kwamba mara nyingi imerejea vitabuni tu. Katika shule moja ambayo sitaitaja, wanafunzi waliagizwa kuja na mkoba walioutengeneza wenyewe. Ilipofika siku ya kuukabidhi, mikoba thelathini na ushei ilikuwa imeshonwa kwa cherehani na fundi mmoja wa mtaani, kwa mtindo mmoja, na baadhi ilikuwa na bei iliyoandikwa kwa kalamu ndani ya bitana. Mwalimu alitoa alama. Mimi nasema alama zile alistahili fundi. Kazi ya namna hii ifanywe darasani, mbele ya mwalimu, hata ikichukua wiki tatu na hata ikiwa mishono imepinda kama njia ya nyoka, au isifanywe kabisa.

Sababu inayonisukuma zaidi si mazingira wala hisabati. Ni bei. Tuseme mama mmoja anauza mkoba alioushona kwa mkono kwa shilingi 400, na kitambaa na uzi vilimgharimu 150. Zimebaki 250 kwa saa 5 za kazi, yaani shilingi 50 kwa saa. Mnunuzi humwendea akamwambia apunguze hadi 300, akidhani anapunguza bei ya kitambaa, kumbe anamshusha mama hadi shilingi 30 kwa saa. Mnunuzi yuyu huyu hulipa bei iliyobandikwa katika duka kubwa bila ya kutia neno. Hafanyi hivyo kwa ukatili. Hajapata kushona, basi haoni saa zilizomo ndani ya mkoba. Mtoto aliyejidunga kidole mara nne akishona mshikio mmoja huziona.

Kwa mwalimu atakayependa kujaribu muhula ujao, darasa la wanafunzi 40 litahitaji leso 20, yaani doti 10. Si lazima zinunuliwe. Leso kuukuu ambayo imekwisha kupauka katikati huwa bado ina pindo imara, na katika nyumba nyingi hukaa kabatini bila kazi. Mwombe kila mzazi nusu. Tafuta sindano nene zenye tundu pana, mikasi mitano au sita, na uzi wa pamba uliopitishwa kwenye nta ya nyuki ili usijifunge mafundo. Subana ya kuvika kidole ikikosekana, kipande cha ngozi ya kiatu kinatosha. Wapange wanafunzi karibu na madirisha, saa za asubuhi, kabla ya jua kuwa kali. Nazo sindano zihesabiwe zikitolewa, na zihesabiwe tena zikirudishwa.