Je, Wajua? Mgongo Usiotaka Kupumzika

Tunazungumzia AS, kwa kirefu ankilosingi spondilaitisi: baridi yabisi inayoushika uti wa mgongo, kuukakamaza, na baada ya miaka mingi inaweza kuziunganisha pingili zake. Kwa baridi ya hapa Maua, chini ya vilima vya Nyambene, ni wangapi husema tu "mgongo umenishika" na kunyamaza? Basi sikiliza.

Je, wajua kwamba maumivu haya hayapendi kupumzika? Mgongo ulioumia kwa kubeba gunia hupata nafuu ukilala. Wa AS ni kinyume kabisa: ukilala unakaza, ukitembea unalegea!

Je, wajua kwamba AS ina saa zake? Humwamsha mtu nusu ya pili ya usiku, kuelekea alfajiri. Asubuhi mgongo hukakamaa kwa dakika 30 au zaidi, kisha hufunguka kadiri mtu anavyojishughulisha.

Je, wajua kwamba huu si ugonjwa wa uzee? Karibu kila mara huanza kabla ya miaka 45, na wengi huanza kuuona wakiwa na miaka ishirini na kitu. Kwa hiyo kijana wa miaka 22 anayeamka akishikilia ukuta hajifanyi, wala si mvivu!

Na hii je? Tafiti za nchi nyingi zinaonyesha kwamba tangu maumivu yaanze hadi ugonjwa ujulikane hupita karibu miaka 7. Hebu fikiria: mtoto aliyeingia Gredi ya 1 siku hiyo, sasa yuko Gredi ya 8!

Je, wajua kwamba zamani madaktari waliamini wanaume wanaougua ni 10 kwa kila mwanamke 1? Leo inajulikana ni 2 au 3 tu kwa 1. Dada yangu, nawe unahusika!

Je, wajua kwamba tepu ya fundi cherehani ni kifaa cha daktari? Zungushia kifuani, toa pumzi yote, kisha vuta pumzi hadi mwisho. Kifua cha kijana mzima hupanuka karibu sentimita 5; kisipofika 2.5, nenda ukapimwe, kwa maana AS hukaza hata mbavu.

Umefanya hilo? Sasa simama, egemeza visigino na mgongo ukutani. Kisogo kinagusa ukuta bila kuinua kidevu? Wataalamu hupima AS kwa njia hiyo hiyo, na ukuta haulipishwi hata shilingi!

Je, wajua kwamba wewe na twiga mna idadi moja ya mifupa ya shingo? Ni 7 kwa 7, hata yule mrefu kuliko wote pale Mbuga ya Taifa ya Meru! AS ikipanda hadi juu, hizo 7 zako nazo zinaweza kukaza.

Je, wajua kwamba AS huanzia chini, pale uti unapokutana na nyonga? Ndiyo maana wengi husikia maumivu ya makalio, mara upande huu, mara ule. Picha ya eksirei inaweza kukaa miaka bila kuonyesha kitu, ilhali kipimo cha MRI huona mapema.

Je, wajua kwamba ugonjwa wa mgongo unaweza kujitokeza jichoni? Angalau mtu 1 kati ya 4 wenye AS hupata jicho jekundu, linalouma na kukataa mwanga. Hilo si la kusubiri hadi Jumatatu: kimbia hospitali siku hiyo hiyo!

Na kisigino je? AS hupenda mahali kano zinapoungana na mfupa. Ukiona kisigino kinauma kila asubuhi na mgongo nao unalalamika, mwambie daktari yote mawili kwa pamoja.

Je, wajua kuhusu alama ya urithi iitwayo HLA-B27? Uhusiano wake na AS uligunduliwa mwaka 1973, London na Los Angeles, mwaka huo huo mmoja! Miongoni mwa Wahaida wa Kanada karibu nusu ya watu wanayo, lakini kwa Waafrika wengi kusini mwa Sahara haifiki hata mtu 1 kati ya 100. Kwa hiyo kipimo chako kikikosa alama hiyo, usidhani umeponyoka.

Ajabu zaidi: Wafula wa Gambia wanayo alama hiyo, takriban 6 kati ya 100. Watafiti walipowapima wanaume wao mamia kwa mamia miaka ya 1990, hawakumpata hata mmoja mwenye AS!

Je, wajua kwamba miaka ya 1690 daktari wa Ireland, Bernard Connor, alieleza kiunzi cha mifupa alichokikuta Ufaransa? Pingili 15, mbavu kadhaa na nyonga vilikuwa vimeungana kuwa mfupa mmoja!

Na Farao Ramses wa Pili? Kwa miaka mingi alisemekana kuwa na AS. Mwaka 2014 watafiti wa Misri waliochunguza picha za maiti yake ya kale walisema sivyo: ulikuwa ugonjwa mwingine wa mgongo, wa uzeeni. Kesi ya miaka 3,000, hukumu juzi!

Je, wajua kwamba kati ya 1935 na 1954 zaidi ya wagonjwa 14,000 wa Uingereza walitibiwa AS kwa miale ya eksirei? Maumivu yalipungua kweli. Kisha ikabainika kwamba saratani ya damu ilikuwa imeongezeka miongoni mwao, na tiba hiyo ikaachwa.

Je, wajua kwamba nahodha wa kriketi wa Uingereza, Mike Atherton, alikuwa na AS? Mwaka 1995 mjini Johannesburg alipiga mipira kwa zaidi ya saa 10 bila kutolewa, akapata mikimbio 185. Kwa mgongo huo huo!

Na bingwa wa sataranji Vladimir Kramnik? Naye ana AS, na ndiye aliyemvua Garry Kasparov taji mwaka 2000, baada ya miaka 15 ya utawala.

Je, wajua kwamba mwandishi Mmarekani Norman Cousins, aliyeambiwa mwaka 1964 kwamba ana AS, alitazama filamu za kuchekesha kama dawa? Alisimulia kwamba dakika 10 za kicheko cha kweli zilimpa saa 2 za usingizi bila maumivu. Cheka basi, nani anakuzuia?

Turudi nyumbani. Je, wajua kwamba mazoezi ya kila siku ni nguzo ya matibabu, sawa na vidonge? Oga maji moto asubuhi, nyoosha mgongo, vuta pumzi ndefu. Kisha lala kifudifudi dakika 15 hivi, kwenye godoro lisilobonyea.

Je, wajua kwamba kukaa muda mrefu huukaza mgongo huu? Dereva wa miraa anayetoka Maua kwenda Nairobi hukaa kwenye usukani kwa saa nyingi. Ndugu dereva, Chuka shuka unyooke, Embu shuka tena! Na miraa yenyewe hufukuza usingizi ambao AS tayari inauiba.

Je, wajua kwamba dawa kama ibuprofen na diklofenaki ndizo za kwanza kwa AS? Zinatuliza uvimbe, si maumivu tu. Ila usichanganye mbili za aina hiyo, na daktari akulindie tumbo, figo na presha.

Je, wajua kwamba kuna sindano zinazozima uvimbe wa AS kutoka ndani? Mojawapo, etanercept, iliidhinishwa Marekani kwa AS mwaka 2003. Kabla ya kudungwa lazima upimwe kifua kikuu, maana dawa hizi zinaweza kukiamsha kilicholala mwilini.

Na sigara? Huharakisha kuungana kwa mifupa. Izime leo!

Je, wajua kwamba mgongo ulioungana huvunjika upesi? Ukianguka na boda boda, hata kidogo, na shingo au mgongo ukaanza maumivu mapya, usikubali kunyooshwa na mtu yeyote. Waambie kwanza: "Nina AS."

Je, wajua kwamba Kenya ilikuwa na mradi ulioitwa UWEZO, uliowafunza wahudumu wa afya kutambua magonjwa ya viungo? Na Hospitali ya Methodisti ya Maua ilianzishwa mwaka 1928, kwa hiyo si lazima safari yako ianzie Nairobi. Nenda na mambo matatu tu: maumivu yalianza kabla ya miaka 45, yamepita miezi 3, na nikitembea napata nafuu. Kesho asubuhi, sawa?